Yale Ambayo Jirani Hayajui



Ndugu wapendwa, juma hili Kanisa linawakumbuka mama na mwanawe katika siku mbili zinazofuatana: tarehe 27 Agosti Mtakatifu Monika, na tarehe 28 Agosti Mtakatifu Agustino, Askofu na Mwalimu wa Kanisa. Tulikuwa tumekusudia kuandika juu ya machozi ya Monika, kama tufanyavyo karibu kila mwaka, na akina mama wa WAWATA walikuwa wamekwisha kutukumbusha mapema. Hata hivyo, Jumamosi iliyopita tulisali na jumuiya moja ya hapa Mtoni, na yaliyotokea pale yametufanya tumtazame Monika kwa upande ambao hatujawahi kuugusa mahubirini.

Jumuiya hiyo husali saa 12:30 asubuhi, uani kwa mwanajumuiya ambaye zamu imemwangukia. Baada ya Injili na maombi, kabla ya mchango na matangazo, mwenyekiti alisimama akasema kwamba tumekaa pamoja miaka mingi lakini tunajuana kwa majina ya watoto tu, Mama Fulani na Baba Fulani. Basi siku hiyo kila mmoja ataje jambo moja juu ya nafsi yake ambalo majirani hawalijui. Watu wakatazamana. Kusema kweli hata sisi tuliona ni mchezo wa vijana, wa kujitambulisha kambini. Lakini mwenyekiti alikuwa na haki. Kila siku makondakta wa daladala hupaza sauti "Kwa Aziz Ali!", nasi hushuka, wala hatujiulizi huyo Aziz Ali alikuwa nani. Ni wachache watakaokuambia kwamba alikuwa mkandarasi tajiri, na kwamba mwanawe, Dossa Aziz, alikuwa miongoni mwa waliomsaidia Mwalimu Nyerere kwa mali zao TANU ilipokuwa changa. Ikiwa mtu aliyeachia kituo kizima jina lake hajulikani, itakuwaje kwa Mama Fulani wa nyumba ya tatu?

Mchezo ukaanza. Mama mmoja ambaye amekaanga na kuuza samaki kwa miaka 22 alikiri kwamba hajaonja samaki tangu utotoni. Hata harufu yenyewe huivumilia kwa sababu ya ada za shule. Kijana wa bodaboda, ambaye mwendo wake katika barabara ya Kilwa tumekwisha kuulalamikia, alisema anaogopa maji kiasi kwamba hakuwahi kuvuka kwenda Kigamboni kwa pantoni hata mara moja, na kwamba daraja lilipofunguliwa mwaka 2016 alimtolea Mungu sadaka ya shukrani. Bwana mmoja mstaafu hawezi kupata usingizi mpaka viatu vyote vya nyumbani vielekezwe mlangoni. Mkewe, aliyekuwa ameketi kando yake, akasema, "Afadhali umesema mwenyewe." Tulicheka mpaka majirani wa nyumba ya pili wakachungulia kujua kuna nini.

Ndipo zamu ikamfikia mzee mmoja, ambaye siku zote ni wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Ametupa ruhusa tuandike, bila kutaja jina. Alisimama, akavua kofia, akasema: "Mimi sijui kusoma."

Hakuna aliyecheka. Kwa wale wasiojua utaratibu wa jumuiya hiyo, somo husomwa kwa zamu, kila mtu mstari wake, Biblia ikizunguka mkono kwa mkono. Kwa miaka 11 mzee huyu, kila Biblia inapomfikia, amekuwa akisema, "Miwani nimeisahau, nisaidie mwanangu." Miaka 3 iliyopita wanajumuiya, kwa moyo mwema kabisa, walichanga fedha wakamnunulia miwani. Aliipokea kwa shukrani, akaivaa majuma mawili, kisha akasema inamuumiza kichwa. Alitueleza kwamba mwaka 1970, Mwalimu alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, yeye alikuwa kijana, akaona aibu kukaa darasa moja na akina mama waliomlea. Walipokuja kumwandikisha akasema anajua. Tangu siku hiyo akawa mtu anayejua. Injili anazozisimulia misibani, tena vizuri kuliko sisi, alizishika kwa masikio: Misa ya kwanza kila Jumapili, na redio usiku.

Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyezungusha daftari la mchango wa miwani, alifunika uso kwa mikono, nasi hatukujua kama analia au anacheka. Pengine yote mawili. Yule mama wa samaki akasema, "Baba, kumbe wewe unazo kichwani. Sisi tunasoma, tukifika nyumbani tumesahau." Mzee akaketi, akavaa kofia yake.

Kisha zamu ikatufikia sisi. Tukasema kwamba tunapenda chai ya chumvi badala ya sukari. Wakacheka tena, wakafurahi kuona kwamba Paroko naye ana mambo yake, tukatoa baraka, tukaondoka.

Ndugu wapendwa, tangu Jumamosi hiyo chai ile haituingii vema. Mzee alitoa yote aliyokuwa nayo, kama yule mjane wa hekaluni. Sisi tukatoa chumvi.

Turudi kwa Monika. Monika wa machozi tunamjua sote. Je, Monika wa mvinyo tunamjua? Katika kitabu cha 9 cha Maungamo, alichokiandika takribani miaka 10 baada ya mama yake kufariki mjini Ostia mwaka 387, Agustino anasimulia kwamba Monika alilelewa na mtumishi mzee, mwanamke ambaye zamani alimbeba mgongoni hata baba yake Monika. Bibi huyo alikuwa mkali. Hakuwaruhusu mabinti kunywa hata maji nje ya saa za chakula, akihofia kwamba wakizoea kunywa ovyo, siku watakapoolewa na kushika funguo za ghala, hawatakunywa maji tena. Pamoja na ulinzi wote huo, Monika alipotumwa kuteka mvinyo pipani alikuwa akionja kwa ncha ya midomo kabla ya kuumimina. Hakusukumwa na ulevi. Ulikuwa utundu wa ujana tu. Kila siku kidogo, kila siku kidogo, mpaka ikafika mahali akawa anamaliza karibu kikombe kizima. Alikomeshwa na nani? Si wazazi, wala yule bibi mkali. Kijakazi aliyekuwa akifuatana naye pipani waligombana siku moja wakiwa wawili tu, akamtupia neno kwamba yeye ni mlevi. Neno lilimchoma, akaacha siku hiyo hiyo.

Sasa jiulizeni: Agustino aliyajuaje hayo? Hakuwapo. Anaandika waziwazi kwamba mama yake mwenyewe ndiye aliyemsimulia, yeye mwanawe. Hapo ndipo tulipokuwa tukipita mbio miaka yote. Mama huyu alikuwa na mwana aliyepotea katika mafundisho ya uongo na kuishi na mwanamke bila ndoa. Wazazi wengi tukiwa mahali pake tungemwonyesha mtoto upande wa utakatifu peke yake, ili aone umbali uliopo kati yetu na yeye. Monika alimwonyesha pia kikombe. Nasi tunapomsoma Agustino akieleza, Askofu mzima, jinsi alivyoiba matunda ya peasi akiwa na umri wa miaka 16 pale Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, matunda ambayo hata hakuyahitaji na mengi yakaishia kwa nguruwe, huwa tunashangaa ujasiri huo aliutoa wapi. Maoni yetu ni kwamba aliurithi kwa mama.

Kijakazi yule naye tusimsahau. Katika nchi yetu kazi yake hufanywa na mtani. Hapa tulipo ni Uzaramo, na Mzaramo ana watani wake Wanyamwezi tangu enzi za misafara ya wapagazi waliotoka bara kuja pwani. Wanatupiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema patachimbika. Msibani mtani huja akaiga mwendo wa marehemu, kikohozi chake, ubahili wake, namna alivyokuwa akikagua sufuria kabla ya kunawa, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Ni desturi ya hekima nyingi, na tunasikitika kwamba mijini imebaki zaidi ya kudai vijisenti. Kwa desturi hiyo wazee wetu hawakuhitaji kujisimulia vioja vyao. Walikuwapo watu wenye leseni ya kuwasimulia.

Lakini mtani husema anachokiona. Mwendo anauona, kikohozi anakisikia. Lile ambalo mtu amelifunika kwa miaka 11 kwa kisingizio cha miwani, mtani atalisemaje? Hilo haliwezi kutolewa na mwingine ila mwenye nalo, na akilitoa ametoa kitu.

Mzee mmoja wa halmashauri yetu ya parokia, tunayemheshimu sana, alitufuata baada ya Misa ya Jumapili. Habari zilikuwa zimemfikia. Akasema, "Baba Paroko, jumuiya si kijiwe. Tunakwenda kusali, hatuendi kuambiana nani anaogopa pantoni." Tulimwelewa. Zipo jumuiya ambazo sala imegeuka barza ya habari za mtaa, na anayeumia ni yule asiyekuwapo siku hiyo. Hata hivyo tunaomba kutofautiana naye. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa AMECEA wa mwaka 1976, walipofanya ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji, walitaka Kanisa lishuke mpaka pale ambapo watu wanaishi na kufahamiana kweli. Hawakukusudia tawi la kukusanyia zaka karibu na nyumbani. Kufahamiana huko hakuji kwa kuketi mkeka mmoja. Sisi wenyewe tumemzika mtu ambaye jumuiya yake, baada ya miaka 9, haikujua alikuwa akifanya kazi gani.

Tena kama ni kijiwe, basi Mtume Paulo naye alikiketi. Someni mwisho wa sura ya 11 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Ameorodhesha mapigo, vifungo, kuvunjikiwa na merikebu, mambo ambayo yeyote angejivunia. Kisha, ghafla, anamalizia na kisa ambacho mtu mwenye cheo angekificha: jinsi alivyoteremshwa ndani ya kikapu dirishani katika ukuta wa Dameski, akitoroka kama mzigo wa viazi. Alikuwa akiwajibu watu waliojisifu kwa maajabu yao. Akachagua kikapu.

Hapa ndipo penye tofauti tunayotaka kuigusa, kwani siku hizi kujisimulia kumekuwa kwingi. Vijana wetu wa VIWAWA hutupia kwenye simu zao kila kioja: nani anakula embe na maganda yake, nani anaongea na paka. Hatuoni kosa. Lakini kuna kioja kinachomfanya msemaji aonekane wa pekee, na kuna kingine kinachompa msikilizaji nafasi ya kupumua. Hayati Papa Fransisko aliyafanya yote mawili. Mwaka 2013 aliwaambia waamini wa parokia moja ya pembezoni mwa Roma kwamba ujanani aliwahi kufanya kazi ya ubaunsa, mlangoni pa ukumbi wa starehe kule Buenos Aires. Dunia nzima ilitabasamu. Kisha mwaka 2017 kikatoka kitabu cha mazungumzo yake na Dominique Wolton wa Ufaransa, ambamo alieleza kwamba akiwa na umri wa miaka 42, tayari padre, alikwenda kila juma kwa miezi 6 kwa tabibu wa nafsi, mwanamke wa Kiyahudi, ili aone mambo yake kwa uwazi zaidi. Hilo halikushangiliwa sana. Lakini tunawafahamu mapadre waliolisoma wakapata nguvu ya kwenda kuomba msaada. La ubaunsa lilitufurahisha. Hilo la pili limewainua watu.

Vivyo hivyo kwa Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere. Wengi hupenda kusikia kwamba meno yake yalichongwa kwa mila ya Wazanaki, kwamba jina Kambarage ni la mzimu wa mvua, kwamba alikuwa mchezaji hodari wa bao, na kwamba akiwa Ikulu alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare, tafsiri ya kwanza ikatoka mwaka 1963. Ni mambo matamu. Sisi lakini tunalipenda zaidi jambo la mwaka 1984, alipokuwa bado Rais, alipomwambia mwandishi aliyemhoji kwamba angepewa nafasi ya kuanza upya asingefuta serikali za mitaa wala asingevunja vyama vya ushirika. Ni viongozi wangapi wanaoyasema hayo wakiwa madarakani? Mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa Jimbo la Musoma mwaka 2005, na Kanisa katika michakato hiyo hukusanya yote, ya sifa na ya lawama. Hadi mwaka 1983, Papa Yohane Paulo II alipobadili utaratibu, kulikuwa na ofisa maalumu wa kutafuta kasoro, ambaye watu walimwita wakili wa shetani. Cheo kimebadilika, lakini mashahidi wa upande wa pili bado huitwa. Utakatifu wa kweli hauvunjiki kwa kuelezwa mambo ya mtu.

Tumemtaja Mwalimu, na hatuwezi kuendelea mbele tukiwa bado na deni la Jumamosi. Msomaji atatuwia radhi kwa huu wingi wa "sisi". Ni mazoea ya kuandika tuliyoyapata seminarini, na leo tunakiri kwamba ni pazuri pa kujificha.

Tulipokuwa na umri wa miaka 9, babu yetu alifariki kijijini. Usiku ule tulitumwa kupeleka taa ya chemli katika chumba alimolazwa. Upepo ukafunga mlango, taa ikazimika, kitasa kikagoma. Waliokuwa nje walisema zilikuwa dakika chache. Tangu usiku huo hatuwezi kusogelea jeneza. Tumekwisha kuongoza maziko mengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Hunyunyiza maji ya baraka tukiwa tumekaza macho kwenye msalaba, na watu wanapopanga mstari wa kutoa heshima za mwisho, sisi hukumbuka ghafla kwamba kuna kitu sakristia.

Oktoba 1999, mwili wa Mwalimu ulipolazwa Uwanja wa Taifa, ambao leo ni Uwanja wa Uhuru, hapa hapa Temeke, tulikuwa na umri wa miaka 19, tumefikia kwa mjomba. Tulipanga foleni naye tangu alfajiri. Tulipolikaribia jeneza tulimwambia mjomba tumebanwa na haja, tukachomoka kwenye mstari, tukamsubiri nje. Nyumbani wakatuuliza, "Ulimwona Mwalimu?" Tukajibu, "Nilimwona." Tumeulizwa swali hilo mara nyingi kwa zaidi ya miaka 20, na jibu limekuwa hilo hilo. Hatukumwona. Mjomba ni marehemu sasa, naye pia tulimzika kwa mbali.

Kama ingekuwa hofu yetu peke yetu, tusingewachosha nayo. Lakini miaka kadhaa iliyopita, tukihudumu parokia nyingine, tulimzika mama mmoja aliyeimba kwaya miaka mingi, mtu maskini wa mali. Wanawe walitutazamia tusimame kando ya jeneza pamoja nao. Tukaenda sakristia. Miaka 2 baadaye ndipo tulipopata habari, tena kwa mdomo wa mtu mwingine, kwamba wale watoto waliamini Padre alimdharau mama yao kwa sababu ya umaskini wake, na kwamba mmoja wao hajarudi kanisani. Tungeweza kwenda siku hiyo hiyo kueleza. Tuliona ni aibu Padre kuogopa wafu. Tukaacha mtu abaki na uchungu ili sisi tubaki na heshima. Tumekwisha kumwandikia barua, juma hili, na jibu tunalingojea.

Basi mnaona kwa nini hatukubali kwamba huu ni mchezo tu.

Mipaka ipo, tutaigusa kwa haraka. Dhambi ina mahali pake, nacho ni kitubio, wala jumuiya isijaribu kukaa kwenye kiti hicho. Siri ya mwenzako si yako. Mume asitaje mkekani ya mkewe, hata kama ni ya kuchekesha. Wala asilazimishwe mtu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 220, inalinda sifa njema ya kila mtu na haki yake ya kuwa na mambo yake ya faragha. Mwenyekiti atakayeufanya mchezo huu kuwa sharti ataharibu kila kitu, na atakayesikika akiyabeba ya jumuiya kwenda nayo sokoni, tutaomba tumwone ofisini. Kwa wachumba tunaowafundisha ndoa tungependa kuongeza ukali kidogo. Tumewauliza wengine wanajuana kiasi gani, wakatutajia rangi wanazopenda. Rangi haitakuamsha usiku wa manane.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo kwa jumuiya zote za parokia yetu si la hiari tena. Ule utaratibu wa kusoma mstari mmoja mmoja kwa zamu, Biblia ikizunguka, tunauondoa kuanzia Jumamosi ijayo. Atasoma anayetaka. Hatukuwahi kufikiri kwamba desturi njema kama hiyo inaweza kumfungia mtu mlango, na mwenyekiti ametuarifu kwamba tangu mzee aliposema, mama mmoja aliyeacha kuhudhuria tangu Kwaresima ameuliza kama ni kweli kusoma si lazima. Kwa wale watakaopenda kujifunza, mwalimu mstaafu wa kigango chetu amejitolea kufundisha Jumanne na Alhamisi jioni katika chumba cha nyuma cha ofisi, ambacho mlango wake hauonekani kutoka barabarani. Tulikichagua kwa sababu hiyo. Yule mzee alipoambiwa alisema haoni sababu ya kujificha tena, yeye atapitia mlango wa mbele.

Nasi katika maziko yajayo tutamwomba katekista asimame nasi kando ya jeneza. Mkituona tumemshika mkono, msidhani ni ugonjwa.

Sala ya jumuiya ile Jumamosi ijayo itakuwa nyumbani kwa mzee wetu. Injili atasimulia yeye, na mjukuu wake wa darasa la sita atakuwa na Biblia mkononi kuangalia kama babu ameruka neno. Tumetumiwa ujumbe kwamba chai itakuwapo, na kwamba chumvi ya Paroko imekwisha kutengwa.